Kununua Ardhi Tanzania Bara: Mwongozo Kamili Tangu Ukaguzi wa Kwanza Hadi Hati Kusomeka kwa Jina Lako

Kisheria, ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi wote. Mtu anapouza kiwanja au shamba, kinachobadilisha mikono ni haki ya kuikalia na kuitumia ardhi hiyo, pamoja na nyumba, miti na maendelezo mengine yaliyomo. Msingi huo umewekwa na Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Kwa mnunuzi maana yake ni kwamba kabla ya kujadili bei anapaswa kujua muuzaji ana haki gani, juu ya ardhi ya aina gani, na ni mamlaka ipi inayoweza kuidhinisha haki hiyo ihamie kwa mtu mwingine. Wanunuzi wengi huanzia kwa dalali, wakaishia kwa mwanasheria baada ya fedha kutoka. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kinyume, yaani ardhi kwanza, muuzaji wa pili, fedha mwisho.

Yote yanayofuata yanahusu Tanzania Bara. Ardhi si jambo la Muungano, na Zanzibar ina sheria zake.

Hatua ya kwanza: tambua ardhi iko katika kundi gani

Sheria inagawa ardhi katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Ardhi ya jumla ndiyo yenye viwanja vya mijini na mashamba makubwa yaliyopimwa, na inasimamiwa na Kamishna wa Ardhi. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji. Ardhi ya hifadhi inahusu misitu, hifadhi za wanyamapori, maeneo ya barabara na mengine yaliyotengwa kwa sheria maalumu, na huko mtu binafsi hana cha kukuuzia, hata awe amelima kwa miaka mingi na majirani wote wanamfahamu.

Kundi ndilo linaloamua karatasi utakayodai. Katika ardhi ya jumla mmiliki hupewa hatimiliki ya muda maalumu, usiozidi miaka 99, yenye masharti ya matumizi na kodi ya pango ya kila mwaka. Kijijini hutolewa hatimiliki ya kimila, ambayo inaweza kutolewa bila ukomo wa muda na ambayo, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, ina hadhi sawa na hatimiliki ya kawaida. Mnunuzi wa mjini anayeidharau hati ya kimila kana kwamba ni karatasi ya daraja la pili hana msaada wa sheria. Mwaka 1994, kabla hata ya sheria hizi mbili kutungwa, Mahakama ya Rufani ilikwisha kuamua katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba.

Mijini kuna karatasi nyingine mbili ambazo huchanganywa na hati. Ya kwanza ni barua ya toleo, ambayo wengi huiita ofa. Ofa huonyesha kwamba mtu amepewa kiwanja kwa masharti fulani, ikiwamo kulipa ada, na umilikishaji hukamilika hati inapoandaliwa na kusajiliwa. Ya pili ni leseni ya makazi, inayotolewa katika maeneo yasiyopangwa. Sheria inaruhusu itolewe kwa kipindi kisichopungua miezi sita na kisichozidi miaka mitano. Leseni inasaidia kumtambua mkazi, lakini anayekuuzia nyumba kwa bei ya kiwanja chenye hati huku mkononi ana leseni anakuuzia kitu kingine kabisa.

Wewe si raia? Mtu asiye raia wa Tanzania hawezi kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na hata hapo hupitia mamlaka ya uwekezaji. Kampuni ambayo hisa zake nyingi ziko mikononi mwa wageni huhesabiwa kuwa mgeni pia. Mpango wa kumtumia rafiki mwenyeji aandikishe kiwanja kwa jina lake ni njia ya mkato inayomwacha mgeni bila haki yoyote siku urafiki utakapoisha.

Hatua ya pili: fika uwandani kabla ya kushika makaratasi

Nenda mchana, bila haraka, na ikiwezekana uende mara ya pili bila dalali. Kiwanja kilichopimwa kina alama za mipaka, ambazo watu huziita bikoni: vijiwe vya zege vilivyochimbiwa ardhini, vyenye chuma katikati, na juu yake herufi na namba. Namba hizo zinapaswa kuonekana pia kwenye ramani ya upimaji. Muuzaji akikuonyesha mpaka kwa kunyoosha kidole kuelekea mwembe, mwombe akuonyeshe bikoni yenyewe. Ikiwa imefukiwa au imeng'olewa, mlipe mpima ardhi aliyesajiliwa aitafute kwa vipimo. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kesi ya mipaka.

Zungumza na majirani wa pande zote nne. Usiwaulize tu kama wanamfahamu muuzaji. Waulize nani alikuwa akilima hapo zamani, nani mwingine amewahi kuja kuonyesha eneo hilo kwa wanunuzi, na kama kuna kesi. Jirani anayekaa kimya ghafla unapotaja jina la muuzaji amekwisha kukupa jibu.

Kisha pima umbali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, fukwe za bahari na maziwa ya asili, na mabwawa. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 nayo ilipanua eneo la hifadhi ya barabara kuu na za mikoa hadi mita 30 kila upande, kutoka katikati ya barabara. Kibanda kilichosimama hapo miaka mingi bila kubomolewa hakithibitishi chochote.

Hatua ya tatu: fanya upekuzi rasmi

Kwa ardhi iliyosajiliwa, hii ndiyo hatua isiyorukwa. Chukua nakala ya hati kutoka kwa muuzaji, andika namba ya hati, namba ya kiwanja, kitalu na eneo, kisha upeleke maombi ya upekuzi kwa Msajili wa Hati katika ofisi ya ardhi ya mkoa husika. Tangu mwaka 2020 ofisi hizo zipo mikoani, hivyo safari ndefu za ofisi za kanda hazihitajiki tena. Taarifa ya upekuzi itakuonyesha jina la mmiliki aliyesajiliwa na mizigo iliyo juu ya ardhi hiyo: rehani ya benki, zuio lililowekwa na mtu anayedai maslahi, au amri ya mahakama.

Soma taarifa hiyo sambamba na hati mkononi mwako, mstari kwa mstari. Linganisha tahajia ya jina, ukubwa wa eneo, tarehe ya kuanza kwa umiliki na muda uliosalia. Hati ya miaka 33 iliyoanza miaka 30 iliyopita bado ni hati halali, ila bei yake haipaswi kulingana na ya hati iliyotolewa jana. Angalia pia sharti la matumizi: kiwanja cha makazi hakiwi cha biashara kwa sababu tu muuzaji amejenga fremu za maduka mbele yake.

Kwa kiwanja chenye ofa pekee, upekuzi kwa Msajili hautakupa jibu, kwa kuwa hakijasajiliwa bado. Hapo nenda idara ya ardhi ya halmashauri na uombe uthibitisho kutoka katika jalada la kiwanja na ramani ya mipango miji. Huko ndiko hugundulika kiwanja kimoja kilichogawiwa watu wawili, au eneo ambalo kwenye ramani ni shule ingawa kwa macho ni nyasi tupu.

Kwa eneo lisilopimwa kabisa, unachonunua kinategemea historia. Dai mlolongo wote wa mikataba ya nyuma: aliyekuuzia alinunua kwa nani, na huyo alipata wapi. Mlolongo ukikatika kwa maneno "hili ni la babu", basi swali limehamia kwenye mirathi.

Hatua ya nne: mkague muuzaji

Hapa ndipo sehemu kubwa ya mauziano yanapoharibika, kwa kuwa jina kwenye hati linaweza kuwa sahihi na mauzo yakawa batili.

Anza na ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina lililoandikwa ni lake peke yake. Sheria ya Ardhi, kifungu cha 161, inakwenda mbali zaidi: inamtwisha mnunuzi mwenyewe wajibu wa kuuliza kama mwenzi, au wenzi, wa muuzaji wameridhia. Tuseme mume anauza nyumba ya Mbagala, mke yuko Tabora kwa mama yake mgonjwa, na mume anasema wameelewana kwa simu. Usikubali simu. Subiri mke arudi, au apate hati ya ridhaa iliyosainiwa na kuthibitishwa mbele ya wakili huko aliko. Muuzaji akidai hana ndoa, aape kiapo cha maandishi kinachosema hivyo, na bado uwaulize majirani. Kwa muuzaji mwenye wake zaidi ya mmoja, ridhaa ya mke mkubwa pekee haitoshi ikiwa nyumba inayouzwa ndiyo anayokaa mke mdogo.

Jambo hili si la kumheshimu mke tu. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, kazi za nyumbani zinahesabiwa kuwa mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Kwa hiyo hoja ya kwamba "mke hakuchangia hata shilingi" haimlindi mnunuzi.

Pili ni mirathi. Mtoto wa marehemu, hata awe mkubwa kuliko wote, hana mamlaka ya kuuza mali ya marehemu kwa sababu ya umri wake wala kwa sababu ukoo ulimteua kwenye kikao. Mwenye mamlaka ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Omba barua ya usimamizi, nenda katika mahakama iliyoitoa, na uthibitishe kwa namba ya shauri kwamba uteuzi haujatenguliwa wala shauri halijafungwa. Kwa ardhi yenye hati, msimamizi anapaswa kwanza kusajiliwa kwenye hati kwa nafasi yake ya usimamizi, ndipo aweze kuhamisha kwa mnunuzi. Ingawa sheria haidai saini ya kila mrithi kwa msimamizi anayetenda ndani ya mamlaka yake, mimi singenunua bila warithi wote watu wazima kusaini kwamba wanafahamu mauzo hayo. Kesi nyingi za mirathi huanzishwa na yule mmoja ambaye hakuitwa.

Wanawake katika ukoo nao wasisahaulike. Mwaka 1990 Mahakama Kuu mjini Mwanza, katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory, ilikataa mila iliyomnyima mwanamke uwezo wa kuuza shamba la ukoo alilorithi, na sheria za mwaka 1999 zikaandika wazi kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kuhamisha ardhi sawa na mwanamume.

Tatu ni mwakilishi. Anayeuza kwa niaba ya mtu aliye mbali awe na hati ya uwakilishi inayotaja kiwanja hicho na inayotamka kuuza, maana kuna hati nyingi zinazomruhusu mtu kukusanya kodi tu. Ongea na mmiliki mwenyewe kwa video, na kumbuka kwamba uwakilishi hukoma mwakilishwa anapofariki. Kwa kampuni, dai azimio la bodi na uhakiki majina ya wakurugenzi BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa kampuni.

Hatua ya tano: mkataba na malipo

Mkataba wa kuhamisha ardhi usio wa maandishi hauwezi kutekelezwa mahakamani. Uandikwe na wakili wako. Wakili wa muuzaji anamfanyia kazi muuzaji. Uonyeshe pande zote kwa majina kamili na namba za vitambulisho vya NIDA, maelezo ya ardhi jinsi yalivyo kwenye hati na ramani, bei, ratiba ya malipo, ridhaa ya mwenzi, tarehe ya kukabidhiwa, nani analipa kodi ipi, na nini kitatokea kibali kikikataliwa. Kipengele hicho cha mwisho ndicho husahaulika zaidi.

Fedha zipite benki, kwenye akaunti yenye jina la muuzaji, na kwa awamu: sehemu wakati wa kusaini, sehemu baada ya nyaraka za uhamisho kukamilika, na salio uhamisho unaposajiliwa. Muuzaji mwenye haraka ya fedha taslimu zote siku moja anaweza kuwa na shida ya kweli, lakini shida yake haipaswi kugeuka kuwa yako. Kwa ardhi iliyosajiliwa, ukishalipa awamu ya kwanza sajili zuio kwa Msajili wa Hati, ili kiwanja kisiuzwe kwa mwingine wala kuwekwa rehani wakati unasubiri kibali. Wanunuzi wachache hutumia kinga hii, na sioni sababu ya kuiacha.

Na serikali ya mtaa? Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi muhimu kwa kuwa anawafahamu watu na mipaka, hasa katika maeneo yasiyopimwa. Hata hivyo muhuri wake hauhamishi umiliki, wala haugeuzi eneo la barabara kuwa kiwanja. Hakuna pia kifungu cha Sheria ya Ardhi kinachomtaka mnunuzi amlipe asilimia 10 ya bei kwa ajili ya kushuhudia, ingawa kiasi hicho hudaiwa kwa kujiamini sana. Ukiombwa malipo yoyote, omba sheria ndogo inayoyaruhusu na stakabadhi ya serikali.

Hatua ya sita: kodi, kibali na usajili

Baada ya mkataba hujazwa fomu za uhamisho wa milki, yaani taarifa ya uhamisho, maombi ya kibali, na hati yenyewe ya uhamisho, ambazo hupelekwa ofisi ya ardhi pamoja na hati halisi, ripoti ya uthamini, na uthibitisho kwamba kodi ya pango imelipwa hadi mwaka huo. Uthamini hufanywa na mthamini aliyesajiliwa na kuidhinishwa na serikali, kwa hiyo kuandika kwenye mkataba bei ndogo kuliko halisi hakupunguzi kodi kama wengi wanavyodhani, na kunakuumiza siku ukidai kurudishiwa fedha zako.

Kodi kuu ni mbili. Kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa mkazi kwa kawaida ni asilimia 10 ya faida na kwa asiye mkazi ni kubwa zaidi, ni ya muuzaji, na ipo nafuu kwa baadhi ya nyumba za makazi na mashamba madogo. Lakini bila cheti cha TRA usajili hauendelei, na ndiyo sababu mnunuzi ambaye mkataba wake uko kimya hujikuta akiilipa yeye ili apate hati. Ushuru wa stempu, takribani asilimia 1 ya thamani, kwa kawaida hubebwa na mnunuzi na hulipwa ndani ya siku 30 tangu nyaraka kusainiwa. Hati ya uhamisho isiyolipiwa ushuru huo haipokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka ulipwe. Malipo yote ya serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Afisa anayetaka atumiwe kwenye simu yake binafsi hapokei kwa niaba ya serikali.

Uhamisho wa ardhi iliyosajiliwa hauhamishi umiliki mpaka usajiliwe. Kukabidhiwa funguo, kujenga uzio, hata kuhamia, hakubadilishi jina lililo kwenye daftari la Msajili. Nyaraka zikitoka, fanya upekuzi mwingine ili uone jina lako kwa macho yako.

Ukinunua shamba kijijini

Utaratibu wa kijijini ni tofauti kiasi cha kustahili sehemu yake. Halmashauri ya kijiji ndiyo msimamizi wa ardhi, lakini haiwezi kugawa ardhi bila ridhaa ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wa wanakijiji wote watu wazima. Mauzo ya shamba la mwanakijiji nayo yanahitaji idhini ya halmashauri hiyo, na mahakama zimekwisha kutamka mara kadhaa kwamba mauzo yaliyofanywa bila idhini ni batili.

Kwa hiyo usitosheke na saini ya mwenyekiti wa kijiji au ya afisa mtendaji. Omba kuona muhtasari wa kikao: tarehe, orodha ya mahudhurio yenye saini, ajenda inayotaja shamba hilo, na azimio. Muhtasari ulioandikwa kwa mwandiko mmoja wote, pamoja na saini za mahudhurio, unajieleza wenyewe. Uliza pia kama kijiji kina cheti cha ardhi ya kijiji na mpango wa matumizi ya ardhi, kwa sababu shamba lililo ndani ya eneo la malisho kwenye mpango huo litakugombanisha na wafugaji kila kiangazi. Wanaotafuta maeneo makubwa wajue kwamba kuhamisha ardhi ya kijiji kuwa ya jumla kunahitaji mkutano mkuu, na kwa zaidi ya hekta 250 uamuzi huenda kwa waziri. Mambo yakikamilika, omba hatimiliki ya kimila, ambayo husajiliwa katika masjala ya ardhi ya kijiji na ya wilaya.

Baada ya kupata hati, na mgogoro ukitokea

Lipa kodi ya pango kila mwaka na uhifadhi stakabadhi. Zingatia sharti la kuendeleza, ambalo kwa kiwanja cha makazi mara nyingi ni ndani ya miezi 36, kwani Rais anaweza kufuta umiliki kwa kukiukwa kwa masharti. Ikiwa serikali itaitwaa ardhi kwa manufaa ya umma, sheria inataka fidia kamili, ya haki na ya haraka. Kinachosaidia hapo ni picha na kumbukumbu za maendelezo yako zilizopigwa kabla ya wathamini kufika.

Mvamizi akitokea, usiende kubomoa. Shauri huanzia baraza la ardhi la kijiji au la kata kwa usuluhishi. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 baraza la kata halina tena mamlaka ya kuamua. Linasuluhisha, na likishindwa ndani ya siku 30 mlalamikaji huruhusiwa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, akiwa na uthibitisho wa usuluhishi kushindikana. Baraza hilo husikiliza madai ya kurejeshewa ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 300, na yaliyo juu ya hapo huanzia Mahakama Kuu. Rufaa kutoka Baraza la Wilaya hukatwa Mahakama Kuu ndani ya siku 45 tangu tarehe ya uamuzi. Ukomo wa kudai ardhi ni miaka 12 tangu haki ya kudai ilipoanza, na barua za malalamiko peke yake hazisimamishi kuhesabiwa kwa muda huo. Kinachousimamisha ni shauri lililofunguliwa.